Amana ya Kitwana wa Mapendo

Kitwana aliingia katika kazi ya kuchaji simu kwa sababu barabara ilimfukuza. Kwa miaka mingi aliendesha Fuso kati ya Goma na Vitshumbi, akipeleka chumvi, sabuni na unga, akirudi na samaki. Vita ilipofunga njia ya Rutshuru, gari lilibaki uani kwake, mtaani Mapendo, magurudumu yakalegea, kuku wakaanza kutaga chini yake. Hakwenda kuomba kwa mtu. Alitoa betri za gari, akanunua paneli ya jua, akajenga kibanda cha mbao kando ya barabara juu ya mawe meusi ya volkano, na mlangoni akaandika kwa rangi: HAPA SIMU INAPATA MOTO.

Pamoja na betri, alihamisha kutoka garini utaratibu wake wa kazi. Zamani, mama muuza samaki alipoagiza mzigo akiwa Goma, Kitwana alichukua mkasi, akakata kipande cha bidoni, dumu la plastiki la njano, kisha akakipasua katikati kwa mkato wa kupindapinda. Nusu alimpa mama, nusu alikwenda kuifunga kwenye kikapu kule Vitshumbi. Gari liliporudi, nusu mbili zilikutanishwa. Zikishikana meno kwa meno, mama alibeba samaki wake. Zisiposhikana, hakubeba, hata kama alikuwa shangazi yake. Katika kazi hiyo hakuna kikapu kilichoingia nyumba isiyo yake.

Simu alizifanyia hivyo hivyo. Nusu ya kipande ilifungwa kwa uzi kwenye simu, nusu alipewa mwenyewe. Simu zilining'inia kwenye ubao mrefu, zote uso ukutani, ili mtu yeyote asisome habari za mwenzake. Ikilia, haipokelewi. Na bila kipande hakuna simu. Mkewe Saumu alipoteza kipande chake siku moja, akarudi nyumbani mikono mitupu huku majirani wakimcheka, hadi alipokiona ndani ya mfuko wa unga. Kitwana hakuona cha kuchekesha hapo. Mali ya mtu ikiwa mkononi mwako si yako, hata kwa dakika moja, na mtu asiyelielewa hilo hafai kupewa hata ndoo ya maji ashike.

Ukuta wa kibanda chake ulikuwa pia ukuta wa Léopold, fundi viatu. Wazee hao wawili walikuwa wametoboa tundu kati ya mbao, wanapitishiana kahawa, na wakati mwingine mkate. Mmoja alisali Ijumaa, mwingine Jumapili, na tundu lilikuwa wazi siku zote.

Kisha ukaja uchaguzi wa rais. Ulitukuta Goma tukiwa na vita mlangoni. Ndugu zetu wengi wa Rutshuru na Masisi hawakupiga kura kwao. Walikuwa kambini chini ya maturubai, au walikuwa nyuma ya mstari wa mapigano, chini ya waasi ambao wengi wao walisema Kinyarwanda. Mizinga ilisikika upande wa Sake. Ungedhani watu walioshikwa hivyo wangeshikamana. Matokeo yalipotangazwa mwisho wa mwaka, rais aliyekuwa madarakani akapewa ushindi, wapinzani wakasema hawayatambui, na mtaa wetu ukapasuka kama kitambaa kikuukuu. Upande mmoja walicheza barabarani wakipiga masufuria. Upande wa pili walizima redio na kufunga milango. Kesho yake mama muuza mikate aliulizwa kwanza alimpigia kura nani, ndipo akaulizwa bei.

Kitwana alikuwa amempigia mpinzani. Léopold alikuwa na kadi ya chama cha rais, aliyoitunza pamoja na kadi yake ya ubatizo. Asubuhi baada ya matokeo, kikombe kilipita kwenye tundu.

"Kitwana! Kahawa ya ushindi hii. Kunywa!"

"Sinywi kitu cha wizi."

"Wizi wa nani? Taja jina tusikie!"

"Wa chama chako. Mulijaza masanduku."

"Kumbe ulikuwa ndani ya sanduku, wewe, ukatuona tukijaza?"

"Na wewe ulihesabu kura za nchi nzima ukiwa umekaa juu ya hiyo misumari yako?"

Hakuna aliyekuwa na ushahidi wa lolote. Wote wawili walisema maneno waliyoyaokota kwenye simu na redio, wakayasema kwa hasira ya mtu aliyeibiwa mfukoni. Mchana Léopold alichukua kipande cha mbao na nyundo, akaziba tundu. Watu wazima, wenye wajukuu.

Siku zilizofuata mji haukutulia. Habari zilisema kutakuwa na maandamano, kisha zikasema yamekatazwa, kisha zikasema yatafanyika hata hivyo. Polisi walisimama kwenye njia panda. Maduka yalifunguliwa mlango nusu. Kila mtu alipiga simu na kupigiwa, kwa hiyo betri zilikwisha mapema, na ubao wa Kitwana ukajaa kuliko wakati wowote. Simu za pande zote mbili zilining'inia bega kwa bega, uso ukutani, zikitetemeka.

Asubuhi moja ya siku hizo alikuja Twizeyimana, muuza maharage. Huyu alitoka Rutshuru akiwa kijana, akaoa Goma, watoto wake walizaliwa Mapendo. Siku ya kura alikuwa shahidi wa upinzani katika chumba kimoja cha kupigia kura. Alikaa kwenye benchi kutwa nzima akiangalia kura zinavyohesabiwa, kama sheria inavyoruhusu kila chama. Baada ya matokeo, hilo tu lilitosha vijana wamzomee akipita.

"Papa Kitwana, nipe moto. Nashuka Kituku kuuliza boti."

"Boti ya wapi?"

"Minova. Mama watoto akae kwa dada yake mpaka hizi kelele ziishe. Jana walirusha jiwe juu ya mabati yetu."

"Kipande utarudi nacho mwenyewe?"

"Namwachia mama watoto, Umuhoza. Atapita kuchukua simu, tukutane kule chini."

Kitwana akakata kipande, akampa nusu, akaifunga simu na kuigeuza. Twizeyimana akaondoka haraka, bila kuketi kama alivyozoea.

Hazikupita dakika nyingi akafika Chance. Alikuwa kijana mrefu, mwendesha pikipiki aliyeuza pikipiki yake, ambaye wakati wa kampeni alipewa fulana ya chama cha rais na jukumu la kuongoza vijana wa mtaa. Kampeni ilikwisha, fulana hakuivua. Alikuja kuona kama simu yake imejaa. Akiwa ameegemea meza, simu ya Twizeyimana ilitetemeka, na Chance akanyoosha mkono akaigeuza.

"Eeh! Kinyarwanda!"

Kitwana alimpiga kofi mkononi. "Rudisha uso ukutani."

"Muzee, hii si ya ule shahidi wa upinzani? Ona, imeandikwa Rutshuru, anaandikiwa kutoka kule! Siku kama ya leo!"

"Mama yake anakaa Rutshuru. Ulitaka aandikiwe kutoka wapi, Kinshasa?"

"Mama gani anaandika wakati wa vita?"

"Mama yeyote. Wako hakuandikii?"

Watu wawili waliokuwa wakingoja walicheka, na kicheko hicho Chance hakukisamehe. Alitoka akisema kwa sauti kwamba mtaa umefuga mpelelezi, na kwamba kuna wazee wanaomfichia vitu.

Tuliseme jambo hili wazi, kwa sababu limetuua wengi. Kumpinga rais kwenye kura ni jambo moja. Kubeba silaha ni jambo lingine. Kuzaliwa na mama anayesema Kinyarwanda ni jambo la tatu, na hilo hakuna mtu aliyelichagua. Mapendo kulikuwa na wasemaji wa Kinyarwanda waliocheza na masufuria na wengine waliozima redio. Chance alijua hivyo. Alikua nao, alicheza mpira nao. Lakini hasira ya uchaguzi ilikuwa inatafuta mtu wa kushika, na ilimpata aliye karibu.

Saumu alikuja na chai, amevuta mtandio usoni kwa sababu ya moshi. Kwenye njia panda walikuwa wamechoma matairi.

"Baba Nasiba, nimetoka bombani. Wanasema wanakuja kuchukua simu ya Twizeyimana."

"Waje."

"Wape, wallahi. Simu moja na nyumba yetu, kipi kizito? Nyumba ya mbao hii. Kiberiti kimoja tu."

"Nikiwapa hiyo, kesho watataka yako."

"Yangu haina kitu."

"Hata hii sijui kama ina kitu. Sikuiangalia."

"Basi iangalie! Kama hakuna kitu, waonyeshe, waende zao."

Kitwana alikunywa chai yake kwanza. "Saumu, mutu aliniachia kitu kilichofungwa. Nikikifungua ili nimuokoe, nitakuwa nimekifungua tu."

Saumu alibeba kikombe, akakaa nje kwenye jiwe. Hakurudi nyumbani. Kitwana alimwona pale, akaanza kupanga nyaya zilizokuwa zimepangwa tayari.

Walifika kundi zima, wengi wao vijana wa fulana, lakini pia watu wazima ambao kazi zao zilisimama na hawakuwa na mahali pa kwenda. Chance alikuwa mbele.

"Muzee Kitwana, leta ile simu."

"Kipande kiko wapi?"

"Sisi hatuchezi mambo ya vipande leo. Hii ni usalama wa nchi."

"Usalama wa nchi uko na ofisi yake. Hapa ni kuchaji simu. Kipande kiko wapi?"

"Unamulinda mpelelezi!"

"Namlinda kila mutu. Yako pia iko hapo, na hakuna aliyeisoma."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Lakini kweli, bila kipande hatoi. Hata bibi yake alimnyima." Wakacheka kidogo. Chance aliona kundi linapoa. Akawaambia wangoje, akachukua wenzake wawili, wakaondoka mbio kuelekea nyumba ya Twizeyimana. Waliobaki walikaa juu ya mawe, wakabishana kuhusu kura, kila mmoja akitaja asilimia zake.

Chance hakukawia. Alirudi akiwa ameinua mkono juu, na katikati ya vidole kulikuwa na kile kipande cha njano.

"Haya! Kipande hiki! Kutanisha!"

Alikiweka mezani. Kitwana hakuhitaji kukutanisha. Aliujua mkato wake kama mtu anavyojua mwandiko wake. Hata hivyo alivuta simu, akaweka nusu kwa nusu mbele ya wote. Meno yakaingia kwenye meno.

"Umekipata wapi?"

"Bibi yake alinipa kwa mkono wake. Nilimwambia papa Kitwana ametutuma, simu imejaa, anataka kufunga kibanda."

"Ulimwambia mimi nimekutuma?"

"Sasa leta. Ni sheria yako, si yangu. Mwenye kipande, mwenye simu. Miaka yote unatuimbia hiyo!"

"Sheria yake!" wakaitikia. "Atoe! Sheria yake mwenyewe!"

Saumu alisimama kutoka kwenye jiwe. Mzee aliyetumia maisha yake kukataa kila mtu asiye na kipande alikuwa ameletewa kipande. Angeweza kuitoa simu na hakuna mtu duniani angemlaumu kwa kuvunja utaratibu. Wako wengi wanaofanya maovu kwa njia hiyo, wakiwa na karatasi zote, na jioni wanakula kwa utulivu.

Aliichukua ile simu, akaiweka ndani ya mfuko wa koti lake, akafunga kifungo.

"Sitoi."

Kelele zilizopanda hapo zilisikika hadi barabara kubwa.

"Amevunja sheria yake!"

"Nimeivunja," alisema Kitwana, akilazimika kupiga kelele pia. "Kipande ni cha kujua mwenye mali. Hiki mumekiiba kwa jina langu. Kama kipande cha kuibwa kinafungua simu, basi sina sheria tena, na hakuna simu hata moja hapa iliyo salama. Hata zenu!"

Mtu alirusha jiwe. Lilipita juu ya kichwa chake na kuanguka kwenye paneli ya jua. Wakasikia kioo kikipasuka. Wa pili akainama kuokota jingine. Ndipo mlango wa jirani ukafunguliwa, Léopold akatoka na aproni yake ya ngozi, kiatu cha mtu mkononi.

"Ngojeni," alisema. "Mimi niko na kadi ya chama tangu hawa wote wananyonya. Mutu asiniambie mimi ni mpinzani. Kweli au uongo?"

"Kweli, papa Léopold."

"Sawa. Kama leo tunasoma simu za watu, tusome. Mimi nakubali. Lakini tuanze na ya kiongozi." Alimgeukia Chance. "Mutoto, kipande chako kiko wapi?"

Chance alitoa macho. "Yangu ya nini?"

"Wakati wa kampeni nilikuona Birere umevaa kofia ya upinzani, unakula nyama yao. Nikasema kijana ana njaa, nikanyamaza. Sasa nataka kuona nani alikuita kule."

"Ni uongo!"

"Basi tusome, uongo utaonekana."

"Eh, hata mimi nilimuona!" alisema mmoja. "Na ile kofia aliuzia ndugu yangu!"

"Tusome ya Chance!"

"Kipande kiko mfukoni mwa nyuma, shika!"

Mikono miwili ilimfikia. Chance aliruka nyuma, akajishika suruali, akajinasua kutoka kwa waliomshika. Watu walicheka, lakini si kicheko cha furaha, maana kila aliyecheka alikuwa anaangalia simu yake kwenye ubao. Mwanamume mmoja mwenye ndevu, ambaye mkewe alisimama pale kando, ndiye wa kwanza kusukuma hadi mezani.

"Papa, yangu mimi nipe. Imejaa."

"Haijajaa."

"Nipe hivyo hivyo. Kipande hiki."

"Juu ya nini unaharakisha?" mkewe aliuliza. "Uko na nini ndani?"

Baada yake alikuja mwingine, na mwingine. Wote walikuwa wamepata haraka ghafla. Walionyoosha vipande vyao walikuwa wa chama cha rais na wa upinzani, wakisukumana viwiko bila kuulizana kura. Kitwana alikutanisha nusu kwa nusu, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja, ingawa jasho lilimwingia machoni. Alimpa Chance pia ya kwake. Chance aliipokea bila kumtazama, akapotea nayo kwenye uchochoro.

Ubao ulibaki mtupu, isipokuwa simu moja ya Léopold. Mchana huo watu wa Mapendo walijifunza kwamba kila mmoja anamwogopa mwenzake, na somo hilo halijawatoka mpaka leo.

"Ya kwako hutaki?" Kitwana aliuliza.

"Haijajaa," alisema Léopold. Akaangalia juu kwenye paneli. "Wamekuua, ndugu yangu."

"Betri ziko."

"Usifikiri nimebadilika. Mulishindwa, na mulishindwa vizuri."

"Mulijaza masanduku."

"Kichwa ngumu kama viatu vya askari."

Saumu aliwaambia wanyamaze. Alikuwa amefikiria jambo ambalo wanaume hao wawili hawakulifikiria. "Umuhoza aliambiwa wewe ndiye uliyetuma. Sasa anajua nini juu yako?"

Kitwana alivaa kofia yake. Alimwangalia Léopold, akaangalia kibanda, betri, nyaya, meza ambayo bado watu wangeweza kurudi kuichoma. Hakuwa amewahi kukiacha kibanda kwa mtu mwingine zaidi ya mkewe.

"Kaa hapa na Saumu," alimwambia.

"Kwangu nimuachie nani?"

"Léopold."

"Nenda, nenda. Nimesikia."

Nyumba ya Twizeyimana ilikuwa imefungwa kwa kufuli na majivu ya jiko yalikuwa bado ya moto. Jirani alimwambia kwamba Umuhoza aliondoka na watoto akilia, akisema papa Kitwana amewauza. Kitwana alichukua pikipiki ya kulipia, lakini kabla ya kufika mbali walikuta matairi yanawaka katikati ya njia na dereva akakataa kuendelea. Kitwana alishuka, akakata vichochoro kwa miguu, akikwepa makundi, mkono mmoja juu ya mfuko wa koti. Mara mbili aliulizwa ni wa upande gani. Mara ya kwanza alisema, "Naenda Kituku." Mara ya pili alisema hivyo hivyo, nao wakamwacha kwa sababu alionekana mzee.

Kituku palikuwa pamejaa. Hofu ilikuwa imewaleta watu wa kila aina ufukweni: wenye magodoro, wenye mbuzi, mama wauza samaki waliokuwa wakikunja meza mapema. Boti ya Minova ilikuwa imekwisha kupakia. Umuhoza ndiye aliyemwona kwanza, akasimama kati ya mizigo akiwa na mtoto mgongoni.

"Ni yeye! Ule pale! Ndiye aliyewatuma!"

Watu wote wa boti waligeuka. Kitwana alisikia mtu akiuliza amefanya nini, na mwingine akijibu kwamba ameuza jirani yake kwa chama. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita msaliti, na sasa aliitwa hivyo mbele ya mama wauza samaki waliomjua kwa jina, wale wale aliowaletea vikapu vyao.

Aliingia majini na viatu vyake hadi kwenye ubavu wa boti. Alifungua kifungo, akanyoosha simu.

"Simu yako."

Twizeyimana aliipokea bila salamu. Aliigeuza, akafungua mgongo wake, akaangalia kadi ndogo ya laini kama ipo. Akaifunga, akaiwasha. "Walifungua?"

"Hakuna aliyefungua."

"Chance alichukua kipande kwa jina lako."

"Kwa jina langu, ndiyo. Si kwa kinywa changu."

"Na wewe ukampa?"

"Ningempa, ningekuwa na nini mkononi sasa hivi?"

Mwenye boti alipiga kelele waharakishe. Twizeyimana hakusikia. Alianza kupitia simu yake, ujumbe kwa ujumbe, akitafuta alama ya mtu mwingine. Kitwana alisimama ndani ya maji akimngoja. Haikuwa rahisi. Alikuwa amepoteza paneli kwa ajili ya simu hiyo, na sasa mwenyewe anaikagua mbele yake kama anavyokagua noti ya bandia. Mtu aliyedanganywa asubuhi ana haki ya kukagua mchana.

Kwenye ujumbe wa Rutshuru Twizeyimana alikawia. Uso wake ulilegea.

"Ni mama," alimwambia Umuhoza. "Anauliza kama mutoto amepona homa."

Umuhoza alikaa juu ya gunia, akafunika uso.

"Umemaliza?" Kitwana aliuliza.

"Nimemaliza."

"Iko kamili?"

"Iko kamili, papa. Unisamehe, mimi..."

"Kusamehe ni baadaye. Sema tena kwa nguvu. Bibi yako aliniita mwuzaji wa watu kwa sauti kubwa, na hawa wote walisikia. Na wewe sema kwa sauti hiyo hiyo."

Twizeyimana alisimama. Boti iliyumba, mama mmoja akamshika suruali asianguke.

"Simu yangu iko kamili!" alisema. "Papa Kitwana hakuitoa kwa mutu! Mimi Twizeyimana nasema!"

Mama wauza samaki walimwangalia, kisha wakaangaliana. Mmoja alitikisa kichwa kukubali. Wengine wawili waliendelea kukunja meza zao kama hawakusikia. Huenda walisikia na hawakuamini, maana siku hizo kila upande ulikuwa na maneno yake.

"Tumesikia, muzee," alisema mwenye boti. "Sasa toka hapo, tunaondoka."

"Utarudi lini?" Kitwana alimwuliza Twizeyimana.

"Sijui. Wakitulia."

"Nani?"

Mashine ikawashwa, boti ikasukumwa, na Umuhoza akamgeuza mtoto uso wake usipigwe na upepo. Juu, upande wa Mapendo, moshi ulikuwa umeongezeka, mweusi, na kutoka pale ufukweni hakuna ambaye angeweza kujua kama ni matairi au ni mbao za nyumba ya mtu. Kibanda kilikuwa kule, na Saumu, na Léopold. Kitwana alitoka majini, akakamua miguu ya suruali yake, akaanza kupanda mlima kwa haraka kuliko umri wake ulivyoruhusu.